Kadi sita kwa kompyuta moja: historia ya mashini aliyoniuliza papa wa Lubunga

Wasikilizaji na wasomaji wetu wa Kisangani, na ninyi ndugu wahami mliopokelewa na familia za hapa mjini, leo ninaacha kidogo habari za mikutano na bei za sokoni. Kuna swali niliulizwa pale Wagenia, kando ya maporomoko, na jibu lake limenichukua siku nyingi kulitafuta.

Aliyeniuliza ni papa mmoja mhami kutoka Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto. Alitoka huko na familia yake mwaka wa 2023, wakati mapigano kati ya Wambole na Walengola yalipochoma nyumba na kusukuma maelfu ya watu kuvuka kuja upande huu. Alinionyesha picha katika simu ya mtoto wake. Ilikuwa picha ya kiunzi cha chuma kisicho na mfuniko. Kadi sita zimepangwa kwa safu, kila moja na feni zake, na nyaya za buluu zinashuka kutoka kila kadi mpaka kwenye ubao mmoja wa kompyuta. Muuzaji aliandika kwamba mashini hiyo inachimba pesa usiku na mchana. Familia tatu za wahami zilikuwa zinafikiri kuichangia. Upande wake, papa alikuwa na pesa za mabati aliyoyaokoa nyumbani kwake na kuyauza.

Akaniuliza: "Mwanangu, hii mashini inachimba nini, na inachimbia wapi?"

Siku ile nilimjibu nusu tu. Hii ndiyo nusu iliyobaki.

Tuanze na kadi yenyewe. Mafundi wetu wanaiita kadi ya grafiki, kutoka Kifaransa. Prosesa ya kawaida ya kompyuta ni kama fundi stadi mmoja au wachache: anapewa kazi ngumu, anaimaliza, anachukua nyingine. Kadi ya grafiki ni tofauti. Picha kwenye kioo imeundwa kwa nukta nyingi mno, na kila nukta inahitaji hesabu ndogo ya kupata rangi yake. Hesabu zenyewe ni rahisi, ila ni mamilioni, na zinafanana. Kwa hiyo kadi ilitengenezwa na vibarua wadogo mamia, kisha maelfu, wote wanahesabu kwa wakati mmoja.

Mtu wa Wagenia hahitaji mfano wa mbali. Wavuvi wa Kienya husimamisha miti mikubwa juu ya miamba katikati ya maji makali, kisha hufunga vikapu kwa kamba za porini na kuvishusha pale mkondo unapopita. Kikapu cha familia hii hakiulizi kikapu cha familia ile kimepata nini. Mto ni mmoja, kila kikapu kinafanya kazi yake, na asubuhi kila mmoja anahesabu samaki wake. Wekeni mfano huo kichwani, kwa sababu karibu historia yote inayofuata inategemea kama vikapu vinahitaji kuzungumza au havihitaji.

Kuunganisha kadi zaidi ya moja kulianza kwa ajili ya michezo. Mwaka wa 1998 kampuni ya Marekani iliyoitwa 3dfx iliuza kadi ya Voodoo2, na mtu mwenye pesa aliweza kuweka mbili ndani ya kompyuta moja. Kadi ya kwanza ilichora mistari ya kwanza, ya tatu na ya tano ya picha. Ya pili ilichora ya pili, ya nne na ya sita. Waliokuwa na kadi mbili waliona mchezo unakwenda kwa kasi kuliko jirani zao. Agosti ya mwaka huo huo, nchini kwetu vita vya pili vilianza, na Kisangani ikaingia mikononi mwa waasi na majeshi ya Rwanda na Uganda yaliyokuwa nyuma yao.

Hayo mambo mawili hayakuhusiana wakati ule. Yalikutana kidogo mwaka wa 2000. Vifaa vya elektroniki vinahitaji tantalumu kwa ajili ya vipande vidogo vinavyohifadhi umeme ndani ya bao zao, na tantalumu inatoka katika koltani. Mwaka huo simu za mkononi, kompyuta na mashini za michezo zilihitajika kwa wingi duniani, wanunuzi wakaogopa upungufu, wengine wakaagiza kuliko walivyohitaji, na bei ikapanda mara nyingi zaidi ya kawaida. Huko Kivu watu waliacha mashamba wakakimbilia mashimo. Novemba 2000 waasi wa RCD-Goma walilipa shirika moja haki ya pekee ya kuuza koltani nje ya maeneo yao. Mwaka uliofuata bei ikaanguka, na aliyeacha shamba akarudi akakuta majani.

Nisichanganye mambo, maana mjini kwetu watu husema haraka kwamba koltani ndiyo iliyoleta kila bomu. Vita vya Siku Sita, kuanzia Juni 5 mpaka 10, 2000, Rwanda na Uganda zilipigania mji wenyewe na faida yake, na faida ya Kisangani wakati huo ilikuwa zaidi almasi. Makombora zaidi ya 6,000 yalianguka juu ya mitaa yetu. Mamia ya raia walikufa. Wasomaji wengi wa ukurasa huu walikuwa chini ya vitanda siku hizo, sina haja ya kuwasimulia. Ninachosema ni kwamba mashini ya kwenye picha ya papa ina vitu vya kwetu ndani yake, lakini si kila jeraha letu linatoka ndani ya mashini hiyo.

Bati ni mfano mwingine, na huu watu huusahau. Kila kipande kwenye ubao wa kompyuta hushikwa kwa risasi ya kuchomea. Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulikataza madini ya risasi yenye sumu katika vifaa vingi vya elektroniki, na tangu hapo ile tunayoiita risasi ya kuchomea imekuwa karibu yote ni bati. Miaka hiyo hiyo, Bisie katika Walikale, jirani zetu wa Kivu Kaskazini, ilikuwa machimbo makubwa ya kasiteriti, yaani mawe yanayotoa bati, na wenye silaha walikuwa wanatoza ushuru kwa kila gunia lililobebwa mgongoni kupita msituni.

Turudi kwa kadi. Katikati ya miaka ya 2000 ulikuja mfumo wa kuchomeka unaoitwa PCI Express, na ndio unaotumika mpaka leo. Katika mfumo huu kadi inazungumza na kompyuta kwa njia ndogo ndogo zinazopangwa sambamba. Nafasi kubwa ya kuchomeka ina njia 16. Nafasi ndogo ina moja. Kadi kubwa ikipewa njia moja tu haikatai kazi; inapokea na kutuma polepole, basi. Jambo hili lilionekana dogo, lakini ndilo lililowezesha kila kitu kilichokuja baadaye. Mwaka wa 2007 kampuni ya NVIDIA ilitoa programu inayoitwa CUDA, iliyoruhusu kadi zake kufanya hesabu za aina yoyote, si picha peke yake.

Januari 2009 ikazaliwa Bitcoin, na hapa papa anapata jibu la swali lake la kwanza. Mashini inachimba nini? Inabahatisha namba. Inachukua orodha ya malipo ya watu, inaongeza namba moja ya kubahatisha, inapitisha yote katika hesabu maalumu, na kuangalia kama jibu limeanza na sifuri za kutosha. Kama hazitoshi, inabadilisha namba na kujaribu tena, mamilioni ya mara kwa sekunde. Wa kwanza duniani kupata jibu linalokubalika anapewa sarafu mpya. Hakuna shimo, hakuna udongo. Kuna umeme unaoingia na joto linalotoka.

Mwanzoni watu walitumia prosesa za kawaida. Mwaka wa 2010 waligundua kwamba kadi za grafiki zinabahatisha haraka zaidi mara nyingi. Na kazi hii ni kazi ya vikapu vya Wagenia kabisa: kadi moja haina haja ya kujua nyingine imejaribu namba gani, mradi kila moja imepewa fungu lake. Maneno yanayopita kati ya kadi na kompyuta ni machache sana. Njia moja ndogo inatosha.

Basi mafundi wakaanza kutoa kadi nje ya kompyuta. Sanduku la kawaida haliwezi kubeba kadi nne kubwa, zinabanana na kuungua. Walizipanga katika makreti ya plastiki ya maziwa na kuzifikishia ubao kwa nyaya bapa. Kisha kikaja kifaa ambacho mafundi wanakiita raiza: kipande kidogo kinachochomekwa kwenye nafasi ndogo ya ubao, waya unaofanana na wa USB, na upande wa pili nafasi kubwa ya kuweka kadi. Ndizo nyaya za buluu za kwenye picha. Zinafanana na USB lakini ni umbo tu walilochukua. Anayechomeka mwisho wake kwenye kompyuta ndogo akidhani ni USB anaweza kuharibu vyote viwili.

Ubao wenye nafasi tatu ulikubali kadi tatu. Mtu alitaka sita. Ndipo kikatoka kigawanyio: kipande kinachoingia katika nafasi moja na kutoa nne. Ndani yake kuna chipu ndogo inayofanya kazi ya polisi wa njia panda, inapitisha ujumbe wa kadi hii, inasimamisha ule, inapitisha wa kadi nyingine. Kadi nne zinatumia njia ile ile moja kwa zamu. Kwa mchezo wa video ni taabu tupu. Kwa kubahatisha namba, kadi hazihisi kitu. Mara nyingi fundi alilazimika pia kuingia katika mipangilio ya ndani ya kompyuta na kuiruhusu itoe nafasi kubwa ya anwani za kumbukumbu, la sivyo kadi ya tano haionekani, na mtu anadhani ameuziwa mbovu.

Lakini kigawanyio kinagawanya mazungumzo tu. Umeme hakigawanyi, wala hakiuongezi hata kidogo. Nafasi ya kawaida ya kadi inaruhusiwa kutoa mpaka wati 75. Raiza nyingi za bei ndogo zilikuja na waya wa kuchukua umeme kutoka kichomeko kilichotengenezwa kwa ajili ya diski, ambacho kinabeba wati 54 tu. Watu wakaunga raiza mbili, tatu kwa waya mmoja. Plastiki ikayeyuka, nyingine zikawaka moto. Kama unaishi katika nyumba ya mbao na turubai, pamoja na watoto wanane, tafadhali soma sentensi hizo mara mbili.

Enzi ya kadi katika Bitcoin haikudumu. Mwaka wa 2013 ziliuzwa mashini zilizotengenezwa kwa hesabu hiyo peke yake, na kadi ya grafiki ikawa kama mtu anayeshindana na pikipiki kwa miguu. Wenye kadi walihamia sarafu nyingine, hasa Ethereum, iliyoanza Julai 2015 na ambayo hesabu yake ilihitaji kumbukumbu nyingi, kitu ambacho kadi zinacho. Mwaka wa 2017, na tena 2021, kadi ziliisha madukani duniani, bei ikapanda mara mbili na zaidi. Kumbukumbu iliyohitajika ilikuwa inakua kila siku; mwishoni mwa 2020 kadi zenye gigabaiti 4 hazikuweza tena. Kisha, Septemba 15, 2022, Ethereum ikabadilisha utaratibu wake na kuacha kabisa kazi ya kubahatisha. Matumizi yake ya umeme yalishuka kwa zaidi ya asilimia 99. Siku hiyo mamilioni ya kadi yalibaki bila kazi yao kuu, na wenyewe wakaanza kuziuza. Kadi zilizofanya kazi bila kulala miaka miwili, feni zimechoka, ndizo zilizosambaa katika masoko ya vitu vilivyotumika.

Jibu la swali la pili, inachimbia wapi, linapatikana hapa hapa mashariki mwa nchi yetu.

Mbuga ya Virunga iliundwa mwaka wa 1925 na ni ya kwanza kwa umri katika Afrika. Ina milima na mito inayoshuka kwa nguvu, na mbuga ilijenga vituo vya umeme wa maji. Cha Matebe katika Rutshuru kilianza kazi mwaka wa 2015. Watalii ndio waliolipa sehemu kubwa ya mishahara ya walinzi. Mwaka wa 2018 mlinzi mmoja aliuawa na watalii wakatekwa, mbuga ikafungwa kwa miezi. Ikafunguliwa, na Machi 2020 ikafungwa tena kwa sababu ya Korona. Pesa zikakauka. Wakati huo kituo kipya cha Luviro kilikuwa na umeme kuliko watu waliounganishwa nao, kwa sababu nyaya za kufika vijijini zilikuwa bado. Mkurugenzi wa mbuga, Emmanuel de Merode, kwa msaada wa Mfaransa anayeitwa Sébastien Gouspillou, aliweka makontena kando ya mtambo, na mwaka wa 2020 mashini za Bitcoin zikaanza kula umeme huo na kutoa pesa za kuendesha mbuga.

Angalieni vizuri kilichokuwa ndani ya makontena. Hazikuwa kadi za grafiki zilizoungwa kwa vigawanyio. Zilikuwa zile mashini maalumu, kwa mamia katika kila kontena. Umeme ulikuwa wao wenyewe, mtambo uko hatua chache, na maji yanashuka bure mchana na usiku. Hata hivyo walikutana na misukosuko: Bitcoin moja iliyokuwa karibu dola 69,000 Novemba 2021 ilishuka mpaka kama dola 16,000 mwaka mmoja baadaye. Wako waliosema mbuga imefanya akili, wako waliosema umeme wa mto wa Kongo haufai kuchomwa hivyo huku vijiji viko gizani. Mimi naona wote wana haki, kila mmoja kwa mwezi wake. Nguvu isiyo na waya wa kuifikisha kwa mtu inapotea; waya ukishafika, swali linakuwa lingine.

Sisi hapa tuna maporomoko mawili yenye jina. Wagenia, ambayo hayajawahi kuzaa umeme wa mji, yanazaa samaki. Tshopo, upande wa kaskazini, yana mtambo uliojengwa na Wabelgiji miaka ya 1950. Ukiwa mzima, mitambo yake mitatu inatoa karibu megawati 19, kwa mji ambao leo una watu zaidi ya milioni moja. Na mara nyingi hauko mzima. Kila mmoja wetu anajua usiku wa mshumaa.

Nilifanya hesabu na papa juu ya karatasi. Kadi sita, tuseme kila moja wati 150, ni wati 900. Kompyuta yenyewe na feni, tukafika kilowati moja. Kwa saa 24 ni kilowati-saa 24 kila siku. Jenereta ndogo inakunywa karibu nusu lita ya petroli kwa kila kilowati-saa, kwa hiyo zaidi ya lita 10 kwa siku, kila siku, na Jumapili pia. Papa anajua bei ya petroli ya Kisangani kuliko mimi. Alicheka, lakini si kicheko cha furaha.

Mtoto wake, kijana mwerevu, alinipinga. Alisema siku hizi kadi hizo hutumika kwa akili bandia, si sarafu. Hakukosea kabisa. Mwaka wa 2012, mwanafunzi wa Toronto, Alex Krizhevsky, alitumia kadi mbili za kuchezea michezo, katika chumba chake nyumbani kwa wazazi, kuifundisha programu kutambua vitu katika picha. Ilichukua siku tano mpaka sita, na matokeo yake yaligeuza utafiti wa dunia nzima. Lakini kadi zile mbili zililazimika kuzungumza, kwa sababu kazi moja ilikatwa vipande viwili na kila upande ulihitaji majibu ya mwingine. Hapo hatuko tena kwenye vikapu. Ni kama watu wawili wanaobeba mtumbwi mmoja. Kuwapitisha kadi sita katika njia moja ya kigawanyio kwa kazi ya namna hiyo ni kuwaambia wabebaji wasemezane kwa barua. Kadi moja nzuri, imechomekwa mahali pake penye njia 16, ingemfundisha kijana huyo mengi kuliko kiunzi kizima, na ingeweza kuzimwa umeme ukienda.

Mwishoni tuliandika maswali ya kumpelekea muuzaji. Kadi zina gigabaiti ngapi na zilifanya kazi gani kabla? Raiza zinachukua umeme kutoka kichomeko gani? Inachimba sarafu ipi leo, na jana ilitoa kiasi gani? Nani analipa umeme? Kijana aliyatuma kwa simu sisi tukiwa bado tumekaa.

Muuzaji alijibu swali la kwanza kwa sehemu: gigabaiti 4. Mengine alituma picha ile ile tena, na neno moja, kwamba kuna mteja mwingine anayekuja kesho.

Papa alikunja karatasi akaiweka mfukoni. Pesa za mabati anazo bado. Mama wa nyumba anataka zinunuliwe turubai mpya kabla ya mvua, na mtoto hajakubali. Juzi nilipopita Wagenia walikuwa bado wanabishana.